Rivolva Nyepesi ya Mtumba

Rivolva ya mfukoni ni bastola fupi ya silinda, yenye nafasi ya risasi tano au sita na mtutu wa kama inchi mbili. Nchini Marekani, ambako zaidi ya nusu ya majimbo hayadai tena kibali cha kutembea na bastola iliyofichwa, aina hii ina wapenzi wa tangu zamani. Kampuni ya Colt ilitoa Detective Special mwaka 1927, na Smith & Wesson wakaleta Chiefs Special mwaka 1950. Zote zilikuwa za chuma. Chiefs Special ilikaribia gramu 550. Juu ya meza huo si uzito wa kutajwa, lakini ukiingia mfuko mmoja wa suruali huivuta suruali upande, na mwenyewe hushinda akiipandisha mbele za watu.

Dawa iliyopatikana ni alumini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Colt walitoa Cobra, na Smith & Wesson wakatoa Airweight. Fremu zikawa za alumini, uzito ukashuka hadi gramu 400 na kidogo. Hata hivyo, uzito wa silaha hauondoki, huhama. Gramu zilizotoka mfukoni hujitokeza tena kwenye fremu, kwenye makaratasi, kwenye kidole na kwenye kiganja, na mnunuzi wa bastola kuukuu hukutana nazo moja baada ya nyingine.

Jeshi la Anga la Marekani lilikutana nazo mapema. Katika miaka hiyohiyo liliagiza rivolva za marubani ambazo hata silinda yake ilikuwa ya alumini, na iliyotoka Colt ilizidi gramu 300 kidogo tu. Ilibidi zitengenezewe risasi dhaifu za peke yake, kwa hofu kwamba silinda ingepasuka. Mwishowe jeshi likaamua kuziharibu, nyingi zikasagwa. Chache zilizonusurika sasa zinauzwa kwa wakusanyaji kwa bei ya kutisha, kwa kuwa silaha isiyofaa kupigwa inaweza kufaa sana kuuzwa.

Mnunuzi wa kawaida huenda kwenye duka la silaha, duka la rehani au maonyesho ya mwisho wa wiki. Huko atagundua kwamba kila rivolva kuukuu ilikuwa mali ya polisi mstaafu, ilikaa kwenye droo, na ilipigwa mara chache mno. Habari hizi zikichukuliwa kama zilivyo, vituo vya polisi vya Marekani vilikuwa na droo nyingi kuliko askari. Kauli nyingine ya wauzaji ni kwamba silaha ilibebwa sana na kupigwa kidogo. Hii mara nyingi ni kweli, na sababu yake itaonekana kwenye uwanja wa shabaha.

Wahenga walikataza kununua mbuzi kwenye gunia, kwa hiyo ukaguzi ndio kazi ya kwanza. Silinda hufunguliwa taratibu na kuhakikishwa kuwa haina kitu. Kuifunga kwa kuipiga kofi hewani, kama wafanyavyo wapelelezi wa sinema, hupinda mkono unaoishikilia, na muuzaji aliyekuwa akitabasamu huacha hapohapo. Silinda ikiwa wazi, namba ya toleo husomeka kwenye fremu, mahali mkono huo unapolalia. Smith & Wesson walianza kugonga namba hizo mwaka 1957. Kwa hiyo bastola inayosifiwa kuwa ya mwaka 1953, huku ina namba 37, ina miaka michache ya kueleza ilikokuwa.

Jicho kisha huenda kwenye fremu, chini ya mahali mtutu ulipofungwa kwa hesi. Alumini ya hapo ni nyembamba, na mtutu uliokazwa kupita kiasi huweza kuipasua. Ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele, na muuzaji atauita mkwaruzo. Mkwaruzo wa aina hiyo hauna fundi: fremu ikishapasuka, bastola imekuwa mapambo. Baada ya hapo nyundo huvutwa polepole, na silinda inapaswa kujifunga sawasawa kabla nyundo haijafika mwisho. Silinda isicheze mbele na nyuma. Vichwa vya skrubu navyo vitazamwe. Vikiwa vimechubuka, kuna mtu aliyewahi kuifungua silaha hiyo kwa bisibisi ya jikoni ili airekebishe, na kuna uwezekano mkubwa kwamba alifanikiwa kuifunga tu.

Bastola ikipita mtihani, mnunuzi naye hukaa kwenye mtihani wake. Kwa mwenye duka lenye leseni ya serikali kuu hujazwa fomu namba 4473, kisha jina hupelekwa kwenye mfumo wa kuchunguza rekodi za wanunuzi, ulioanza kazi Novemba 1998. Fomu hii haina utani. Asiye na jina la kati hawezi kuacha nafasi wazi, bali huandika herufi za kuthibitisha kwamba hana. Sanduku la posta halikubaliki kuwa makazi. Uongo ni kosa la jinai. Aliyeona bei nafuu mtandaoni katika jimbo jingine hukuta kwamba bastola haiji mlangoni kwake: hutumwa kwa mfanyabiashara mwenye leseni wa jimbo lake, naye hutoza ada ya kuipokea. Ukijumlisha ada hiyo, usafirishaji na kodi, rahisi inakuwa ghali kama ilivyosemwa tangu enzi.

Inayofuata ni suruali. Ncha ya nyundo hupenda kunasa kwenye kitambaa, hivi kwamba anayechomoa bastola huchomoa na mfuko wake, ukatokeza nje mweupe kama wa mtu anayeonyesha kuwa hana hela. Mafundi wa zamani waliikata ncha hiyo kwa tupa. Smith & Wesson waliificha nyundo yote ndani ya fremu katika toleo la Centennial la mwaka 1952, na mwaka 1955 wakatoa Bodyguard, ambayo nyundo yake imezungushiwa ukuta na kuachiwa upenyo juu. Upenyo huo huzuia kunasa, lakini hukusanya nyuzi na vumbi la mfukoni kwa bidii ya kupigiwa mfano.

Ala ya mfukoni si pambo. Hufunika kifyatulio, na mfuko wenye bastola hauwekwi funguo, sarafu wala peremende. Mwaka 2008 mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, Plaxico Burress, alijipiga risasi ya paja katika klabu ya usiku ya New York, bastola aliyoichomeka kiunoni ilipoteleza ndani ya suruali naye akaiwahi. Mahakama iliongeza kifungo cha miaka miwili.

Kwenye uwanja wa shabaha ndipo gramu zilizopunguzwa hulipwa. Kifyatulio cha rivolva, kikivutwa kwa mvuto mrefu unaoinua nyundo na kuzungusha silinda, kwa kawaida hudai nguvu ya kilo tano au zaidi. Aliyekwepa gramu 150 mfukoni hukabidhiwa kilo tano kwenye kidole kimoja. Likifuata teke la bastola, risasi ni ileile na baruti ni ileile. Kilichopungua ni uzito wa kulizuia. Kiganja huwaka, na boksi la risasi 50 lililonunuliwa kwa shangwe hurudi nyumbani likiwa na zaidi ya 40. Teke hilo pia huweza kuzilegeza skrubu, na hata kuzivuta risasi zinazosubiri zamu zichomoze mbele na kuikwamisha silinda, aibu kubwa kwa silaha inayosifiwa kwamba haikwami. Risasi kali zenye alama ya +P hazikukusudiwa kwa fremu nyingi za alumini za zamani. Risasi laini za shabaha huihurumia fremu na mshikaji pia.

Atakayezoea yote hayo huingia katika hatari ya mwisho, ambayo ni kusahau kwamba amebeba kitu. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, TSA, ilikamata silaha 6,737 kwenye vituo vya ukaguzi wa abiria viwanjani, na zaidi ya tisa katika kila kumi zilikuwa na risasi ndani. Utetezi uliozoeleka ni kwamba mwenyewe hakukumbuka. Faini yake mwaka huo iliweza kukaribia dola 15,000, mbali na polisi na ndege iliyokwisha ondoka. Anayetaka kusafiri na rivolva yake kwa ndege huitoa risasi, huifungia ndani ya sanduku gumu lenye kufuli, na kuitangaza kaunta pamoja na mizigo ya kupimwa. Sanduku hilo na kufuli lake, mara nyingi, ni zito kuliko bastola ya chuma.