Mti Unaotaka Baridi

Hivi jirani, majira ya baridi hapa Dar tunayatoa wapi? Nauliza tu. Nina kijitabu kimeandikwa kwa ajili ya watu wa theluji. Kinaniamuru mti ulale miezi ya baridi, nyuzi joto zishuke chini ya 10. Julai yetu, usiku ukijitahidi sana, unagota 18 hivi, na hapo mimi nishavaa sweta. Mti unanitazama.

Ni bonsai. Mreteni, ukoo mmoja na mtarakwa wa milimani, umekatwakatwa mpaka unakaa kwenye kisahani. Bosi alipohama nchi aligawa vitu. Mmoja kapata makochi, mwingine kaondoka na mikrowevu. Mimi nikaitwa pembeni, nikaambiwa nina subira.

Kijitabu kinasema punguza mizizi, badilisha udongo Machi, miti ikianza kuchipua. Machi ya wapi? Ya hapa jua liko utosini, jasho linatiririka, halafu masika inamwaga, chungu bwawa. Eti mchana ukifupika, mti utajua ni saa ya kulala. Dar, mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa havipishani hata saa nzima! Mimi mwenye saa sijawahi kugundua, mti utagundua na nini?

Likaja la mwanga. "Uweke dirisha la kusini." Nikahamisha meza ya chakula, mama watoto akanuna, tukala mkekani. Juni nzima jua likapita kaskazini, huko kwako jirani, likikukaushia mashuka. Kwangu kivuli na mbu. Wao wanaishi juu ya dunia, jua lao liko kusini, basi wanadhani la wote. Na kwamba mreteni ni mti wa nje, wa jua kutwa, wamelificha ukurasa wa mwisho.

Wengine eti huulaza kwenye friji. Nikaulaza, kati ya changu na bamia. LUKU ikaisha. Sitaki kuongelea ile harufu.

Ila ulibaki kijani, bwana! Nikaubeba kwa mama muuza miche pale barabarani, nipongezwe mbele za watu. Akakwangua gome kwa ukucha. Kahawia, kavu. "Baba, huu ulishakufa kitambo. Hii hukaa kijani wiki na wiki baada ya kufa." Foleni nzima ya bodaboda ikageuka kumtazama mtu anayemwagilia maiti.

Jioni meseji ya bosi: vipi mti wangu, umepata kupumzika?

Nikajibu: umepumzika, bosi.