Feli Mapema, Feli Nyumbani: Njia ya Mkato ya Mtihani wa Meno

Mwenzangu wa Kiuyu ya Pemba, uwe wa Minungwini au wa Mbuyuni, sogea karibu. Mtihani wa meno, wa uuguzi au wa utabibu, una kiasi chake cha kufeli na lazima kila mwanafunzi akilipe. Wewe unachagua tu pa kulipia: barazani kwenu, bure, au ukumbini, kwa sapu, ule mtihani wa marudio. Mimi nakufundisha kufeli barazani.

Hatua ya kwanza, weka hailaita chini. Najua inavyopendeza. Desa lako la notisi likishapakwa njano na waridi mtu anajiona kasoma, na picha yake akiiweka kwenye simu anavuna mashaallah za kutosha. Lakini macho kuuzoea ukurasa si sawa na kichwa kuujua. Mwaka 2006 huko Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi makala fupi. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kuisoma. Jingine lilipewa kipindi kimoja cha kusoma, kisha mara tatu likaandika linachokikumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika tano, wasomaji waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka kama asilimia 40, wenzao asilimia 61. Na waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka ni hao hao wasomaji.

Basi funga desa. Chukua karatasi tupu, andika yote unayoyajua kuhusu fizi. Utaandika mistari mitatu, kalamu itagoma. Hongera, umefeli mara ya kwanza na hakuna aliyeona. Fungua desa, jaza kwa wino mwekundu kilichokosekana, lifunge tena. Rudia kesho, rudia baada ya siku tatu, rudia wiki ijayo. Wino mwekundu ukipungua, hamia mada nyingine.

Hatua ya pili ni chabo. Nakupa ile ambayo hakuna msimamizi anayeweza kukupokonya: kinywa chako. Meno yanatajwa kwa tarakimu mbili. Ya kwanza ni robo ya kinywa: 1 juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Ya pili ni nafasi ya jino ukihesabu kutoka katikati: 1 na 2 ni ya kukatia, 3 ni chonge, 4 na 5 magego madogo, 6 hadi 8 magego makubwa. Kwa meno ya utoto robo zinaitwa 5 hadi 8, kila robo ina matano, ndiyo yanapatikana 20 badala ya 32. Ukiulizwa jino 36, peleka ulimi chini kushoto, hesabu sita. Msimamizi atakuona umetunisha shavu, na hana kanuni ya kukukamatia. Ila kumbuka kwamba kulia ni kulia kwa mgonjwa, si kwako uliyemkabili. Hapo ndipo wengi wanapong'oa, kwenye karatasi, jino lisilo na kosa.

Na hilo gego la sita usiliache kwenye karatasi. Huota mtoto akifika miaka sita hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila kung'oa hata moja. Wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto, litaanguka, wakaliacha lioze. Mtafute mtoto wa jirani wa umri huo, mwambie afungue kinywa, lione kwa macho yako, kisha umwambie mama yake kwamba hilo ni la maisha. Hutalisahau tena swali hilo, na jino la mtoto litakuwa limepona.

Hatua ya tatu imeanikwa juani. Msimu wa karafuu ukifika, ukipita penye mikeka ya kuanikia, vuta pumzi. Harufu ile kwa sehemu kubwa ni eujenoli. Mafuta ya karafuu yanayochujwa kwa mvuke pale Wawi, Chake Chake, ndiyo hayo hayo ambayo madaktari wa meno duniani wanayajua. Eujenoli ikichanganywa na unga wa oksidi ya zinki unapata ujazo wa muda unaotuliza jino. Mtego wa mtihani uko hapa: eujenoli huzuia ujazo mweupe wa rezini usigande sawasawa, kwa hiyo haiwekwi chini yake. Na mafuta matupu yakigusa fizi huunguza. Anayetia karafuu kwenye jino bovu anapata nafuu ya maumivu, tundu linabaki palepale.

Shuka pwani vilevile. Mwani wetu unaolimwa ni mwekundu, hutoa karajinani, nayo hutumika kuipa uzito dawa ya mswaki. Alijineti, ile ya kuchukulia umbo la meno, hutoka kwenye mwani wa kahawia. Ukivitenganisha viwili hivi vizuri, mtahini aliyechoka atakaa sawa kitini.

Sasa mkalishe bibi. Mweleze jino linavyooza, kwa Kiswahili, bila neno hata moja la desa. Akikwambia ni mdudu, usicheke. Watu wa nchi nyingi waliamini hivyo kwa karne nyingi. Baadaye Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alichapisha kitabu chake mwaka 1890 akieleza kwamba vijidudu vya kinywani hugeuza vyakula vya sukari na wanga kuwa asidi, na asidi ndiyo inayotoboa. Bibi kakosea ukubwa wa mdudu tu. Mwambie kwamba pH ikishuka chini ya 5.5 hivi gamba la jino huanza kuyeyuka, na kwamba chai ya sukari inayonywewa kidogo kidogo asubuhi nzima hulirudisha jino kwenye asidi kila funda. Ukikwama, atakuuliza kwa nini. Hapo umefeli mbele ya mtu anayekupenda, na huyo ndiye mtahini bora utakayempata.

Kwa mtihani wa vitendo, ule wa kuzunguka vituo, usisome kabisa. Fanya, huku ukisema kwa sauti. Panga vijiko mezani viwe vyombo: osha, suuza, kagua kwenye mwanga, kausha, fungasha, ndipo uvitie kwenye mashine ya mvuke. Nyuzi 134 kwa dakika 3, au 121 kwa dakika 15, na saa inaanza kuhesabu joto likishafika, si ulipobonyeza swichi. Chombo chenye damu iliyoganda hakitakasiki hata ukikipika mchana kutwa. Sindano ikikuchoma: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, toa taarifa mara moja, kwa sababu dawa za kinga ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72. Hili lifanyie mazoezi mpaka likuchoshe. Siku moja kidole kitakuwa chako.

Unapenda kuonekana unajua? Sote tunapenda. Basi beba jambo moja la kujivunia. Ukiulizwa utafanyaje kwenye kituo kisicho na umeme, usiinamishe kichwa. Ile tiba ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono na kuziba, siku hizi kwa saruji ya ayonoma, bila mashine, ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, katika mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliokuwamo Jo Frencken, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa nchi nyingine. Jibu swali hilo kwa kifua mbele, kisha utaje hatua zake kwa mpangilio.

Ukitoka ukumbini, wapite wanaolinganisha majibu mlangoni. Kaa chini ya mti, andika mada zilizokushinda kabla hazijafutika. Sapu ikija, utakuwa umeshaianza. Isipokuja, karatasi hiyo mpe mdogo wako anayeingia chuo mwakani, pamoja na bibi.