Bohari ya Uvunguni

Nilistaafu utunza bohari nikiamini nimeachana na leja. Ujana wangu wote nilipokea misumari, nikatoa misumari, nikahesabiwa misumari na wakaguzi waliokuwa wakinishuku hata kabla hawajakaribishwa kiti. Nikaagwa kwa soda na keki, nikapewa godoro, nikarudi Tabata kupumzika. Godoro likatandikwa kitandani. Na chini ya kitanda hicho hicho, uvunguni mwangu mimi, mkwe wangu amefungua bohari nyingine.

Mali iliyomo ni midoli.

Mkwe mwenyewe ni mtoto wa watu mwenye adabu. Hapiti mbele yangu bila kuamkia, na akitaka jambo hupiga goti kidogo kwanza. Adabu ya namna hiyo ni hatari, maana inakukuta umeshakubali kabla hujajua umeombwa nini. "Shikamoo baba. Baba, samahani, ule uvungu wako una kitu?" Nikasema marahaba mwanangu, hauna kitu ila sanduku langu na jembe. Jioni sanduku na jembe vilikuwa barazani, na uvungu una madumu ya plastiki yenye vifuniko, yameandikwa kwa wino mwekundu: Fungu la Kwanza, la Pili, la Tatu. La nne lilikuwa sebuleni linachezewa.

Chanzo ni somo yangu, mjukuu wangu wa miaka minne aliyepewa jina langu na ambaye kwa hiyo namlea na kumwogopa. Yeye na dada yake mdogo, ambaye ndiye mke wangu wa pili (bibi yake analijua hilo na analivumilia), walikuwa na midoli ya kujaza duka. Kila besdei inaleta mingine. Kila mjomba anayepita anaona aibu kuja mikono mitupu. Na Kariakoo nako, mtu huwezi kupita Mtaa wa Kongo na mtoto mkononi bila machinga kukutegea mbwa wa betri chini, juu ya boksi, anayebweka na kupiga sarakasi mbele ya miguu ya mtoto. Hapo hujauziwa bado, lakini umeshanunua.

Sebule ikawa haipitiki. Usiku nikiamka kwenda chooni nilikuwa nakanyaga yale matofali ya plastiki ya kupachikana, na atakayesema kuna maumivu kuliko hayo bado hajayakanyaga. Kisha, katikati ya shehena yote ile, somo yangu ananijia ameinamisha kichwa: "Babu, sina cha kuchezea."

Zamani jibu la neno hilo lilikuwa moja, na lilitolewa kwa sauti. Siku hizi jibu ni utaratibu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Midoli yote inagawanywa mafungu. Fungu moja linatoka, mengine yanafichwa mahali mtoto asipoyaona, kwani akiliona dumu tu kazi imeharibika. Kila fungu lazima liwe na mchanganyiko: kitu cha kujenga, cha kusukuma, cha kuigizia baba na mama, cha kuumiza kichwa, na kitabu. Haifai kutoa magari matatu kwa mpigo kisha ukajisifu umebadilisha. Watoto wakianza kurusha vitu badala ya kuvichezea, ndiyo dalili kwamba fungu limechoka, unalirudisha na kutoa jingine. Mkwe anasema mtoto aangaliwe yeye, siyo kalenda. Baada ya kusema hivyo akabandika ratiba kwenye mlango wa friji.

Aliyesamehewa ni mmoja tu, mwanasesere wa mke wangu mdogo, mwenye jicho moja na nywele za upande mmoja. Yule haingii dumuni kamwe. Ni mwajiriwa wa kudumu, hana likizo wala uhamisho, na ukimgusa nyumba hailali.

Nilijaribu kuhoji. "Mama, tangu lini gari la plastiki likahitaji likizo?" Akanijibu kwa upole ule ule wa hatari: "Baba, wamefanya utafiti." Na kweli wamefanya. Ni Chuo Kikuu cha Toledo, jimbo la Ohio, Marekani, na matokeo yakachapishwa 2018. Walichukua watoto 36, wa umri wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili na nusu, wakawaacha chumbani mara moja na vitu vya kuchezea 4, mara nyingine na vitu 16. Wakaona kwamba vikiwa 4 mtoto hukaa na kimoja muda mrefu zaidi na kukichezea kwa namna nyingi zaidi. Vikiwa 16 anaruka huku na huko, hiki hajamaliza, kile kimemwita.

Sina ugomvi na Toledo. Ninachouliza ni kwa nini wasije Pangani miaka ya nyuma wakatuona sisi bure, kwani pale vitu vyako vya kuchezea vikifika vinne ulikuwa unaitwa mtoto wa tajiri.

Na kubadilisha, tulikuwa tunabadilisha bila mtu kushika leja. Kusi likikaza tunarusha tiara, pwani yote inanuka uji wa kugandishia makaratasi. Mara unaamka, hakuna mwenye tiara tena. Hapakutangazwa kitu. Gololi zimeingia, na aliyetoka na tiara yake siku hiyo anachekwa hadi anairudisha ndani. Korosho zikianza kuanguka, gololi zinasahaulika, tunapanga korosho mstari na kuzilenga, anayeshinda anakula na mchezo. Embe zikija, tunachonga manati. Mvua zikija, tunachonga vidau, tanga ni mfuko wa nailoni, tunavishindanisha kwenye maji ya mtaroni hadi kimoja kinapotelea mtoni na mwenyewe analia kama aliyepoteza jahazi lenye mali ya Mhindi. Mwaka ukizunguka, tiara inarudi, na tunaipokea kama mgeni wa Idi.

Vilivyokosa msimu vilikuwa na njia zao. Gari la waya, la magurudumu ya kandambili kuukuu, lilikaa kwako hadi mtoto wa mama mdogo aje likizo; akiondoka limeondoka naye, unaambiwa umpe, ni ndugu yako. Mpira ulikaa hadi uingie uani kwa mzee mmoja mkali, na ukiingia huko ulirudi vipande viwili. Uwe wa makaratasi au wa dukani, kisu chake hakikubagua. Yule mzee alikuwa mtaalamu wa kubadilisha vitu vya kuchezea kuliko mtu yeyote wa Ohio, na hatukuwahi kumshukuru.

Mkwe alipoona sijashawishika, akaniletea habari nyingine ya Marekani, nadhani kwa nia ya kunifurahisha. Huko Rochester, New York, kuna jumba la makumbusho la michezo ambalo kila mwaka linavipa heshima vitu vya kuchezea vilivyotukuka. Mwaka 2005 wakaliheshimu boksi. Boksi tupu! Mwaka 2008 wakaiheshimu fimbo. Mchanga wakaukumbuka 2021. Nilicheka hadi mke wangu mkubwa akatoka jikoni kuniangalia. Mchanga wote wa Bahari ya Hindi, watoto wa Pangani wameupikia ubwabwa vizazi na vizazi, umepewa cheti juzi.

Kwa hiyo sasa mimi ni mtunza bohari tena, bila mshahara, bila koti la bluu. Na kazi hii ni ngumu kuliko ya misumari. Msumari ukiuweka kwenye rafu unanyamaza. Kwenye Fungu la Tatu kuna gari la zimamoto lenye king'ora na wimbo wa Kichina, na betri zake zina tabia ya kuamka zenyewe. Usiku wa manane, nyumba kimya, chini ya mgongo wangu likalia na kuanza kuimba. Mke wangu mkubwa aliamka na audhubillahi, akavuka chumba na kufika mlangoni kabla mimi sijapata miwani. Kesho yake nikazitoa zile betri na kuzitia kwenye rimoti ya televisheni, nikaandika kwenye leja "zimehamishwa idara". Ndiyo, nimefungua leja. Mtu haachi kazi aliyoifanya maisha yake yote kwa sababu ya keki na soda.

Tena kuna wizi. Mwizi namjua, nalala naye. Watoto wakimlilia kidogo tu, bibi yao anaingia uvunguni anatoa kitu bila hati, bila saini, tena anatoa cha fungu la mwezi ujao. Nikimuuliza ananiambia, "Wewe mzee, hiyo ni midoli, siyo mali ya serikali." Watu wa kauli hiyo ndio waliokuwa wakija dirishani kwangu wakati ule kuomba misumari michache ya nyumbani. Somo yangu naye amejifunza rushwa. Anakuja taratibu na biskuti iliyokwisha kung'atwa, ananiwekea mkononi, halafu anaangalia kitanda.

Niseme pia, kwa shingo upande, kwamba yale matofali ya kupachikana yalipotoka baada ya kukaa dumuni muda mrefu, somo yangu alikaa nayo mkekani kuanzia chai hadi adhuhuri bila kuita mtu. Alijenga daladala, akaigeuza msikiti, akaigeuza kitanda cha mwanasesere. Kabla hayajafichwa, matofali hayo hayo alikuwa anamtupia jogoo wa jirani. Mkwe aliniangalia. Mimi nikaangalia gazeti.

Kosa la utaratibu huu ni kwamba haujui kuishia kwa watoto. Majuzi ilikuwa Simba na Yanga. Mimi mpira nausikiliza, siutazami. Kwenye televisheni hawaelezi kitu, wanakuonyesha tu. Natafuta redio yangu kabatini, haipo. "Mama, redio yangu iko wapi?" Shikamoo ya mchana ikaja kwanza, kisha: "Baba, nilikuona siku nyingi huishiki, nikaipumzisha."

Ilikuwa Fungu la Pili. Chini ya nyani wa kitambaa.

Nikainama kuitoa, nikaambiwa kwa adabu kwamba utaratibu ni mmoja kwa wote: kikitoka kimoja, kiingie kimoja. Timu zimeshaingia uwanjani, namsikia mtangazaji kwa jirani. Nikajitolea kulirudisha lile gari la zimamoto, ambalo siku hiyo lilikuwa sebuleni kwa zamu yake halali na halijaguswa tangu asubuhi. Kusikia hivyo tu, somo yangu akalikumbatia kama ndugu aliyefufuka. Nikatoa gazeti, mkwe akasema karatasi haihesabiki. Nikageuka kumwangalia bibi yao, akasema yeye hayumo.

Basi somo yangu akatafakari, akaangalia huku na kule kama mkaguzi, akanyoosha kidole kwenye bakora yangu iliyoegemea ukuta. Mama yake akamkumbusha kwa fahari kwamba fimbo ni kitu cha kuchezea chenye heshima tangu 2008.

Mechi niliisikiliza yote. Goli lilipoingia, nyumba nzima ilisimama kushangilia isipokuwa mimi, kwani ninachosimamia kiko uvunguni na zamu yake ya kutoka, kwa mujibu wa friji, ni baada ya Idi.