Pongezi kwa Wasio na Haraka

Wanaoilaumu Pro Tools hawajui fadhila. Programu hiyo ya kurekodia ilizinduliwa Marekani mwaka 1991, na mpaka toleo la 11, mwaka 2013, produsa aliyemaliza kumiksi hakuweza kutoa faili lake bila kuusikiliza wimbo wote kwa mwendo wake halisi. Wimbo wa dakika sita, dakika sita. Mchezo wa redio wa saa nzima, saa nzima, mikono kifuani, akitazama mstari ukitambaa kwenye skrini. Programu za bei chee zilikuwa zinamaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa, maskini, zikiwanyima watu wake mapumziko.

Audacity je? Ni programu ya kurekodia ya bure, basi haidaiwi kitu. Ilitoka mwaka 2000. Efekti za kuwasha na kuzima bila kuigusa sauti yenyewe zikawasili 2022. Mtoto aliyezaliwa nayo alikuwa ameshafikia umri wa kupiga kura. Kabla ya hapo, aliyezidisha mwangwi alitengua, akaanza upya. Malezi mema hayo.

Tangu 2015, Pro Tools hulipiwa pia kwa mwezi. Kipengele hicho hakikuwa na hitilafu hata siku ya kwanza.