Kiota cha Nne cha Mama Fundichuma

Kisiwani Ukerewe, kwenye mkuyu unaoinamia Ziwa Victoria, Mama Fundichuma na mumewe walikuwa wakijenga kiota cha nne mwaka huo, na hawakuwa na yai hata moja la kutaga. Ndivyo walivyo ndege hao. Hujenga viota 3 hadi 5 kwa mwaka, wawe na haja navyo au wasiwe nayo. Kiota kimoja chaweza kumeza vijiti 10,000, na paa lake likabeba mtu mzima aliyesimama. Mlango hutazama chini, njia ni nyembamba, imesiribwa kwa tope. Anayetaka kujua kilichomo hana budi kuingia.

Kiota hiki cha nne ndicho kilichozua maneno. Tope likiwa bichi, Mama Fundichuma alibandika magamba ya sangara, na juu yake kipande cha kitenge cha rangi ya chungwa kilichochanika kwenye kamba ya kuanikia. Kisha uzi wa wavu wa dagaa. Kisha ukurasa wa daftari la hesabu uliopeperushwa na upepo, wenye vema mbili na kosa moja kwa wino mwekundu. Kesho yake hakupenda gamba moja lililokaa upande, akalifunika kwa tope jipya, akaiacha ncha ichungulie. Siku mvua iliponyesha mchana kutwa hakuokota kitu. Alikwaruza mistari ukutani kwa mdomo, akalala. Mistari hiyo ikabaki pale pale, karibu na kifuniko cha soda cha bluu.

Mti wa pili ulikuwa mji wa akina Mnana. Nyasi za aina moja, fundo moja, viota vyote vimening'inia sawasawa. Sifa zao wanastahili, maana si kazi ndogo kusuka kwa mdomo. Mume husuka, mke huja kukagua, akikataa mume hukifumua na kuanza upya. Anayeishi hivyo tangu ujana huishia kuamini kwamba hakuna kiota kisicho na mkaguzi.

Basi Bwana Mnana, Mwenyekiti wa Kamati ya Viota, akaja na wajumbe wake. Njiwa alikuwepo, yeye ambaye mayai yake huonekana kutoka chini kwa uchache wa vijiti. Katibu alikuwa Kekeo, wa kijani kinachometameta, ambaye hajajenga kiota tangu azaliwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwenyekiti. Karibuni."

"Tumeambiwa kiota hiki si cha kutagia."

"Si cha kutagia. Ni daftari langu."

"La kumwonyesha nani?"

"Huwa naingia mwenyewe, jioni."

Njiwa alichungulia kwa chini, akatikisa kichwa. "Bluu kando ya chungwa! Nani alikufundisha?"

"Siku ile niliviokota vyote viwili," akajibu Mama Fundichuma. "Ningekitupa kimoja, ingekuwa siku nyingine."

Jibu hilo nalipenda kuliko yote yaliyosemwa mchana ule, na ndilo ambalo Kamati haikuliandika. Kekeo alikuwa ameshafungua karatasi yake. Kanuni ya kwanza: kila kiota kitajengwa kwa kitu kimoja. Ya pili: kiota kisichotagiwa kitabomolewa. Ya tatu: mayai yote ya mwambao huu yatakuwa meupe yasiyo na madoa, ili macho yatulie.

Mwenyekiti aliinua mguu wenye tope apige muhuri.

"Ngoja, baba watoto." Alikuwa Mama Mnana, aliyefuatana nao bila kualikwa. "Hiyo ya tatu ameiandika nani?"

Hakuna aliyejibu. Mama Mnana akasogea hadi kwenye tawi la Katibu.

"Nyumba zetu zinafanana, nami nafurahi zifanane. Lakini yai langu ni la buluu lenye madoa ya kahawia, la dada yangu ni la kijani tupu, la jirani ni jeupe. Kila mmoja wetu hutaga rangi yake maisha yake yote. Msimu uliopita nilikuta kwangu yai lisilo la rangi yangu, nikalitupa. Yakiwa yote meupe nitalijuaje la mgeni? Nitamlea mtoto wa nani?"

Ndege wote wakamgeukia Kekeo. Akakunja karatasi yake, akaruka kuelekea matete.

"Mume wangu," akasema Mama Mnana, "madoa yale sikumwomba mtu ruhusa, na bila hayo huna mtoto. Huyu mama naye anatia madoa yake ukutani. Umekuja kumzuia nini?"

Bwana Mnana alishusha mguu bila kugusa chochote. Njiwa alisema ana njaa. Wakaondoka wote wawili, na kiota kikabaki.

Mama Mnana hakuondoka. Aliingia kwa mlango wa chini, akakaa humo kitambo, akisoma kuta. Sauti yake ikatoka: "Mama, hiki cha bluu kinashikaje?"

"Subiri tope lianze kukaza. Likiwa majimaji kitateleza."

"Nina unyasi hapa mdomoni. Nyumbani hauna kazi, ni mfupi."

"Leta."

"Niuweke juu ya karatasi au kwenye ile mistari?"

"Unapotaka wewe, mwanangu. Ila harakisha, upande huo unakauka."