Kikapu Kutoka Siakago

Kikapu kilifika Meru jioni kwa matatu ya Embu: majani ya mwarobaini na mikono minene ya mshubiri, vyote vimechumwa Siakago, huko chini Mbeere kwenye joto. Nyanya alikuwa amesikia kwamba mjukuu wake wa kidato cha tatu hataki hata kwenda kanisani kwa ajili ya chunusi.

Maelezo yalikuja kwa simu, mtandao ukikatika. Binti yangu alisikia "saga, upake". Akatia mshubiri mzimamzima kwenye blenda, maganda na utomvu wake, na mdogo wake akakamulia ndimu juu, kwa kuwa rafiki wa shuleni alisema ndimu hung'arisha uso. Usiku baba yao akasagia parachichi lake kwenye blenda hiyo hiyo. Aliinuka mezani kwenda kusukutua, uchungu wa mshubiri usitoke.

Asubuhi binti alijipaka uso na shingo, akaketi uani ukauke. Ikweta inapita karibu na sisi, tena huku ni mlimani. Jua la saa nne halina mchezo. Kesho yake ngozi iliwaka moto. Halafu malengelenge, na pale ndimu ilipotiririkia shingoni, michirizi myeusi. Alilia, nikalia naye.

Tabibu alieleza vizuri: ndimu ina kemikali ambazo zikipigwa na jua huunguza ngozi, na utomvu wa manjano wa mshubiri nao hukera.

Nyanya akaja mwenyewe. "Ndimu niliisema mimi?" Alikata mkono wa mshubiri, akausimamisha bakulini hadi maji ya manjano yakaisha, akauosha, akamenya, ukabaki ute mweupe kama kioo.

Siwaelewi wanaodharau ujuzi huu. Mwaka 1990, madaktari wa Australia walilinganisha mafuta ya majani ya mti wa kwao, melaleuka, na dawa ya peroksaidi ya benzoili kwa wagonjwa 124 wa chunusi. Vyote viwili vilisaidia; mafuta ya majani yalikawia, ila yaliudhi ngozi kidogo kuliko peroksaidi. Lakini yalikuwa yamepimwa, asilimia 5, kama Nyanya naye alivyo na utaratibu wake wa kuchuruza na kuosha. Jani bila utaratibu wake ni nusu ya dawa.

Michirizi ilichukua miezi kufifia. Nyanya alikaa hadi shule zilipofunguliwa, akamwandikisha mjukuu hatua zote daftarini na kumsomesha kwa sauti, akimrudisha kila alipoharakisha pale pa maji ya manjano.