Namna ya Kupita Mbele ya Dada Saba

Usiende Agosti. Najua likizo yako ni Agosti, na shemeji yako wa Oslo amesema chumba cha wageni kiko wazi mwezi huo tu. Mwombe radhi shemeji, uende Mei au Juni. Maporomoko ya Geirangerfjord, magharibi mwa Norwei, yanategemea zaidi theluji ya milimani. Inapoyeyuka mwanzoni mwa majira ya joto, maji hushuka kwa kishindo. Wiki zikipita bila mvua, yanabaki michirizi. Wale Dada Saba wa kwenye kalenda, yaani vijito saba vinavyoruka bega kwa bega kutoka kwenye ukingo mmoja wa jabali, mwishoni mwa msimu unaweza kuwakuta watatu au wanne. Usiende kumgombeza karani wa tiketi. Dada hawajakukimbia, wewe ndiye uliyechelewa.

Ukishapanga mwezi, panga chombo, na hapa nakuomba usione fahari kupanda kikubwa. Fiodi hii ni mkono wa bahari wenye urefu wa kilomita 15 hivi, uliochimbwa na barafu enzi za barafu kuu, ukabanwa na milima pande zote. Kijiji cha Geiranger kilicho mwishoni kina wakazi wasiofika 300. Ukija na meli yenye orofa kumi na tano, bwawa la kuogelea na ukumbi wa kamari, wewe ndiye unayewazibia wenzako mlima. Siku isiyo na upepo, moshi wa meli hunaswa kati ya kuta hizo za mawe ukaning'inia juu ya kijiji. Eneo hili liliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2005, na Norwei imeweka masharti: tangu Januari 1, 2026, vyombo vya abiria vya chini ya tani 10,000 vinatakiwa viingie humo bila kutoa hewa chafu, na vikubwa vimepewa muda hadi 2032. Waliopewa muda mrefu ndio waliostahili kutangulia. Wewe chukua feri ya Hellesylt kwenda Geiranger, mwendo wa saa moja hivi, au mashua ndogo ya watalii inayosogea karibu na jabali hadi manyunyu yakuguse uso.

Vaa koti la mvua na kofia ya sufu, hata kama jua linawaka gatini. Kila safari ina bwana mmoja wa kaptura na kandambili, na utamtambua kirahisi: dakika kumi baada ya kung'oa nanga amejikunyata ndani karibu na mashine ya kahawa, akimuuliza mkewe huko nje kuna nini. Huko nje kuna kila alichokilipia.

Usigombee upande. Ukitokea Hellesylt, Dada Saba wako kushoto, na mkabala nao, kulia, kuna poromoko linaloitwa Mchumba. Kipaza sauti kitakusimulia habari zao, kwa lugha kadhaa mfululizo: kijana aliwaposa dada wote, mmoja baada ya mwingine, wote wakamkataa, akaishia kwenye chupa. Ukitazama vizuri, maji ya Mchumba yanagawanyika juu na kukutana tena chini, yakachora kweli umbo la chupa. Sikiliza, cheka, kisha ugeuke utazame.

Nimesema utazame. Simu iingie mfukoni. Poromoko refu kuliko yote ya Dada Saba linaanguka mita 250 bila kugusa kitu, nawe unataka kulitia katika kioo cha ukubwa wa kiganja, huku kidole gumba kimeziba kona! Picha itatoka uzi mweupe juu ya ukuta wa kijivu, na watu wa nyumbani watakuuliza ndiyo hiyo tu. Kosa si la simu peke yake. Hata jicho hudanganyika mahali penye mawe na maji matupu, kwa kuwa halina cha kupimia.

Kwa hiyo tafuta nyumba. Hii ndiyo sababu hasa ya kuandika mwongozo huu, na mengine yote ukiyasahau, hili lishike. Inua macho polepole kutoka majini, upite miti iliyong'ang'ania kwenye nyufa, mpaka uone kipande cha kijani kibichi mno kuwa cha porini. Hapo pana paa. Hiyo ni Skageflå, upande wa kulia, kiasi cha mita 250 juu ya maji. Ng'ambo, ubavuni mwa Dada Saba, kuna Knivsflå. Sasa rudisha macho kwenye poromoko, ndipo utaelewa urefu wake, maana umeshaona mlango wa mtu.

Watu waliishi huko. Walifuga mbuzi, wakakata nyasi kwenye miteremko ambako wewe usingethubutu kusimama, wakateremsha mizigo ya nyasi kwa waya. Kila gunia la unga lilipanda mgongoni kutoka kwenye mashua. Inasimuliwa kwamba watoto wadogo walifungwa kamba ili wasicheze wakavuka ukingo. Inasimuliwa pia kuwa Skageflå palikuwa na ngazi sehemu moja ya njia, na mtoza kodi alipoonekana akija kwa mashua, ngazi ilivutwa juu. Watalii wote hucheka hapo. Mimi nataka ufikirie mikono ya waliokuwa wakiipanda ngazi hiyo hiyo wakati wa baridi, barafu imeganda kwenye vipago. Skageflå ilihamwa mwaka 1918. Mwaka 1993 Mfalme Harald na Malkia Sonja walikwea hadi huko na wageni wao kuadhimisha miaka 25 ya ndoa, na si ajabu: lilikuwa shamba la watu hodari. Majengo yangali yamesimama kwa sababu wapo waliojitolea kuyatengeneza, hasa chama cha Storfjordens Venner, kilichoundwa mwaka 1975.

Knivsflå ilihamwa mapema zaidi, mwishoni mwa karne ya 19, kwa hofu ya mawe kuporomoka. Usiseme walikuwa waoga. Usiku wa Aprili 7, 1934, katika fiodi jirani ya Tafjord, kipande cha mlima kilianguka majini, wimbi likapanda hadi mita 62, na watu 40 wakafa. Na njiani kutoka Hellesylt unapita jirani na Åkerneset, mlima wenye ufa mrefu unaopanuka kwa sentimita kadhaa kila mwaka. Wataalamu wanaufuatilia usiku na mchana, kwa kuwa ukianguka, wimbi litafika Geiranger ndani ya dakika kumi hivi. Filamu ya Bølgen ya mwaka 2015 imejengwa juu ya hofu hiyo. Basi ukimsikia jirani yako sitahani akiuliza kwa sauti kubwa watu wa hapa wanafanya nini siku nzima mahali pazuri hivi pasipo na shida, unayo ruhusa yangu kumjibu.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Kwenye feri za pande hizi za Sunnmøre ulizia svele. Ni kama chapati ya maji, ila ni nene na laini zaidi, inakunjwa katikati ikiwa na siagi na sukari, au na ile jibini ya kahawia ya Wanorwei yenye utamu wa karameli. Uile huku umesimama nje. Ukiila ndani utakuwa umejiunga na bwana wa kandambili.

Kama miguu yako ina nguvu, usiridhike kupita chini. Mashua za watalii hushusha watu kwenye gati dogo chini ya Skageflå, ila umwambie nahodha kabla ya kuondoka, maana hasimami bila kuombwa. Njia ni mwinuko mkali tangu hatua ya kwanza, na penye kuteleza kuna cha kushikilia. Mvua ikinyesha, ahirisha. Vaa viatu vinavyoshika, beba maji, na ukifika juu usikanyage kuta wala kukalia vizingiti vya nyumba. Kurudi, unaweza kushuka kungoja mashua, au ukaambaa na mlima kwa miguu kupitia Homlong hadi Geiranger, mwendo wa saa kadhaa. Ukichagua mashua, ulizia saa ya mwisho na uiandike kwenye karatasi, kwa sababu huko juu hakuna wa kumgongea mlango.